Muuza Mwani na Saa Yake

Kila asubuhi muuza mwani wa soko la Busan humeza kidonge chake kwa maji matupu, kisha hutega saa ya kengele na kuiweka juu ya rundo la mwani mkavu. Kahawa anayoletewa na Bong-nim, muuza samaki wa meza ya jirani, hukaa imefunikwa kisahani mpaka saa ilie. Ni Julai, kiangazi cha joto kali huko Korea, naye muuza mwani yuko ndani ya sweta. "Dada, wewe ni barafu yenye miguu," Bong-nim humtania, naye hucheka kwa sauti yake ya kukwaruza huku akifunga mafungu polepole, bila kukosea.

Leo alikuja mteja mwenye uso uliovimba, akataka mafungu manne. "Vidonge vya tezi ya shingo nimeviacha, dada. Supu ya mwani inanitosha."

Muuza mwani, aliyekwisha kuyatia mafungu kwenye mfuko wa mteja, akayatoa, akayarudisha kwenye rundo.

"Unafukuza wateja sasa?" Bong-nim akanong'ona.

"Mimi pia niliviacha vidonge hivyo, nikanywa supu mwaka mzima, mdogo wangu," akamwambia mteja. "Nilizinduka hospitalini, simjui mwanangu."

Saa ikalia. Akaizima, akaitia kwenye mfuko uliokuwa wa mwani, akampa mteja. "Kidonge kwanza kila asubuhi; kahawa na supu, mpaka hii ilie."