Mama Mashuka ataka ubeti wake wa tatu urudishwe

Saa moja kasorobo asubuhi. Chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mama Mashuka, mwenye miaka hamsini na tisa, ameshika pembe mbili za shuka na mfanyakazi mwenzake ameshika nyingine mbili. Wanalivuta, wanalikung'uta, wanalikunja, na kila wanapokutana katikati yeye anaachia mstari mmoja wa wimbo.

"Bila wimbo, mashuka mia nne kwa siku yatakutoa roho," anasema. Mikono haisimami.

Jina hilo alibandikwa na wenzake humu humu, na ndilo analoitwa hata anapoalikwa kuimba kwenye harusi na misiba, gitaa begani. Nyimbo anatunga mwenyewe. Anazo thelathini na saba, zote kichwani. Mmoja unaimbwa na kila mtoto wa shule, na huo ndio unaomchemsha damu.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na minane. Mwaka wa tatu, rafiki yake kipenzi alinaswa mkono na mashine ya kupigia pasi mashuka, dubwana lenye magogo mawili ya moto. Kitufe cha kuizima kilikuwa kimekufa kwa miezi miwili. Wafanyakazi walisharipoti mara nne.

"Nilimkumbatia kiunoni nikawa navuta," anakumbuka. "Msimamizi akaingia mbio. Unajua neno la kwanza lililomtoka? 'Mashuka yamechafuka?' Hakumtazama hata usoni."

Rafiki yake alipoteza vidole vitatu. Wiki mbili baadaye alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu mtu wa mkono mmoja hakunji shuka. Wiki hiyo hiyo Mama Mashuka alitunga wimbo wa beti nne. Huu ndio wa tatu:

*Mwenzangu alikatika,*
*vidole vikaanguka,*
*mkubwa mbio kafika,*
*kaulizia mashuka.*

Wafuaji waliuimba, wauguzi wakaudaka, wagonjwa wakaondoka nao nyumbani. Siku moja watu wa redio walikuja na kinasa sauti, wakarekodi, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza nani katunga.

Miaka ikapita. Mwaka huu mjukuu wake, aliye darasa la sita, alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani huku macho yamemvimba kwa kulia. Swali lilikuwa: "Mtunzi wa wimbo huu ni nani?" Mtoto alijibu, "Bibi yangu." Akapigwa mkasi mwekundu wa kukosa na kuandikiwa pembeni: "Acha mzaha."

Bibi akaomba kitabu cha shule. Akakuta wimbo wake una beti tatu. Ule wa vidole umenyofolewa, na chini yake wameandika kwamba huu ni wimbo wa kale unaosifu furaha ya kazi, na mtunzi wake alishafariki zamani.

"Furaha ya kazi!" anafoka, na shuka linamponyoka. "Mwenzangu analia damu, wao wanaona furaha!"

Alikwenda shuleni. Mwalimu, kijana mpole, alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, nakuelewa, lakini mimi nasahihisha kwa kufuata kitabu."

"Na hicho kitabu kilimfuata nani?" akamuuliza.

Akaenda ofisi ya vitabu. Alizungushwa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda na rafiki yake, na ofisa akawaambia bila kuinua macho kwamba mtunzi wa wimbo huo ni marehemu.

"Basi mwanangu, mpe marehemu kiti," Mama Mashuka akamwambia. "Miguu inamuuma."

Ofisa alidai ushahidi. Mama Mashuka akaimba ubeti wa tatu pale pale, na rafiki yake akauweka mkono wake wenye vidole viwili juu ya meza. Ofisa aliutazama, kisha akasema ubeti kama huo ungewavunja watoto moyo.

"Vidole nimeshazoea kuvikosa," rafiki yake anasema sasa, akiwa kwenye kibanda chake cha mboga. "Ila kuambiwa havikukatika, hapo hapana."

Baada ya miezi miwili ilikuja barua. Toleo lijalo litaandika kwamba wimbo "unadaiwa" kutungwa na mfanyakazi wa kufulia. Kuhusu ubeti, kimya. Waliomfukuza kazi mtu kwa kuumia wangefurahi kuisoma barua hiyo.

Mwalimu ndiye aliyeona haya. Alimwalika Mama Mashuka darasani, mama akaimba beti zote nne, na mkasi ukafutwa mbele ya wanafunzi wote. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kama kile kitufe kilitengenezwa.

"Kilitengenezwa kesho yake asubuhi," akamjibu. "Mashuka yalikuwa yanarundikana."



Mwakani Mama Mashuka anastaafu. Amepanga kukaa na mjukuu wake kila Jumamosi, yeye akiimba na mtoto akiandika, hadi nyimbo zote thelathini na saba ziingie daftarini, kila moja na tarehe na kisa chake. Kisha ataupeleka ule ubeti ofisini tena, na tena.

Wa thelathini na nane ameshauanza. Unahusu ofisi ya vitabu.

"Safari hii 'Mama Mashuka' nimelitia katikati ya kiitikio," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Wakilinyofoa, vina vyote vinaanguka. Nao waimbe nini?"