Miraba Mitupu ya Nyakabanda

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ramani, mtaa wa Kiyovu, mwaka 1990, Mkuu wa Michoro alinikabidhi kalamu ya wino na picha mbili za angani za mlima uleule. Ukizitazama pamoja chini ya stereoskopu, kioo cha macho mawili, mlima unainuka na kila paa linasimama. Paa moja, mraba mmoja mweusi.

"Hesabu mara mbili," akasema. "Kwanza kwa kioo, halafu kwa miguu."

Mimi mtoto wa fundi cherehani, apimaye mara mbili kabla ya kukata. Kuhesabu mara mbili nilizaliwa nako. Kwenye ramani ya zamani, mlima huo, Nyakabanda, ulikuwa migomba na kontua, ile mistari ya mwinuko. Mwaka hata mwaka niliona nyumba zikiupanda mlima, nami nikazipandisha kwenye karatasi. Mama Zaina, muuza mkaa, alikuwa akinisimamisha njiani.

"Bwana Ramani, nyumba yangu umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Na jiko?"

"Jiko lako ni mabati mawili na matumaini, mama. Hayo hatuchori."

Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya 1994. Ofisi ilipofunguliwa tena, kiti cha mkuu kilikaliwa na mwingine, aliyekulia Uganda. Alitaka ramani isahihishwe upesi, viwanja vilivyo wazi vigawiwe. Nikapanda Nyakabanda kwa miguu. Mama Zaina alikuwa ameketi juu ya msingi wa nyumba yake. Nyumba ile ilikuwa ya watu saba. Nilihesabu mara mbili. Alikuwa mmoja.

"Ukiifuta," akasema, "kesho mtu atakuja kujenga hapa. Nami nitaenda wapi?"

Nikarudi kwa mkuu.

"Paa hakuna," akasema. "Futa."

"Msingi upo, mkuu. Tuache mraba mweusi."

"Hapana. Huo ni uongo."

Nikashuka bei: basi mraba mtupu, alama ya gofu, mstari wa nje tu. Hiyo ndiyo bei niliyoitaka tangu mwanzo.

Akainamia karatasi. "Ingine kama hiyo iko ngapi?"

"Nyingi, mkuu."

Akanisogezea karatasi. "Chora zote."

Sasa nimestaafu, na vijana wanahesabu mapaa kwa setilaiti. Mama Zaina alibaki na kiwanja chake, akajenga, na toleo lililofuata nikaujaza mraba wake wino kwa mkono wangu. Majirani zake wengi hawakubakiza mtu wa kujenga. Ukiikuta karatasi ile ya miraba mitupu, usidhani mchoraji aliishiwa wino.