CD Kumi na Moja Shingoni

Siku ile tulikuwepo sita kwenye baraza la duka, mtaa wa Nyasubi, na nawataja wote kwa sababu deni hili linawahusu. Nilikuwepo mimi, dada mkubwa wa watoto wanne wasio na baba wala mama, niliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasiache. Alikuwepo bosi wangu, mwenye duka la kuchoma CD. Alikuwepo mama aliyekuwa akizichukua kwetu na kwenda kuziuza minadani. Alikuwepo fundi simu aliyepanga upande mmoja wa baraza. Alikuwepo mwanaapolo mmoja, mchimba dhahabu kutoka Geita, aliyefuata CD yake ya kusikiliza kambini. Na alikuwepo mdogo wangu wa kike, bado amevaa sare za shule, aliyeniletea chakula kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma. Mteja anachagua nyimbo, nazipanga kwenye kompyuta, naingiza CD tupu, nasubiri. CD ile ikikosea haina marudio. Na huwezi kujua imekosea mpaka uipige kwenye redio: wimbo wa nne unakwama, neno moja linarudiwarudiwa kama mbuzi aliyenaswa na kamba. Zilizoharibika nilimpelekea shangazi kijijini Didia, akazitundika kwenye mpunga kufukuza kweleakwelea. Shangazi alikuwa akiomba nyingine. Mimi zilikuwa zinaniuma, maana kila iliyoharibika ilihesabiwa kwa jina langu.

Nikaanza kutafuta chanzo. Nilianza na vidole. Nikajizoeza kuzishika kwenye kingo tu. Nikafuata vumbi, nikashona mfuko wa kitambaa cha kufunika pakiti. Nikapunguza kasi ya kuchoma. Nikanunua CD moja ya kufutika, ile unayoweza kuchoma na kufuta mara nyingi, nikawa nampigia mteja mpangilio wa nyimbo zake kwanza, ili akibadili mawazo asibadili juu ya CD mpya. Uharibifu ulipungua, lakini haukuisha. Ndipo nikaanza kuandika. Kila CD iliyokwama niliiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito nini kilikuwa kinaendelea dukani wakati naichoma.

Jibu nililipata kwenye adhana. Bosi hakuwa Mwislamu, lakini majirani zetu walikuwa, na adhana ikianza alizima muziki kwa heshima. CD zote nilizochoma wakati huo zilitoka safi. Duka letu lilikuwa finyu, na kompyuta ilikaa juu ya spika, spika kubwa kama kabati, iliyopigwa toka asubuhi kuita wateja. Besi ilipodunda, maji yalicheza kwenye kikombe changu. Kompyuta nayo ilikuwa inachezeshwa hivyohivyo.

Nikamwambia siku hiyo barazani. "Bosi, tuishushe kompyuta chini. Au nikichoma tupunguze muziki. Spika ndiyo inayoharibu."

Aliniangalia kama nimemtukania spika yake. Aliinunua kwa majigambo, mtaa mzima ulijua. "Darasa la sita unanifundisha spika? Hebu niletee hizo takataka zako."

Nikamletea zile za wiki ile, kumi na moja. Nilidhani anataka kusoma nilichoandika. Akachukua kamba ya katani, akazitunga kwa matundu yake, akanivika shingoni.

"Haya, mama," akamwambia yule wa minadani, "nunua mkufu!"

Mama akacheka mpaka akashika nguzo. "Mayu wee! Bibi harusi huyo!"

"Mpelekeni Didia," bosi akasema. "Shangazi yake amsimamishe mpungani, afukuze ndege. Ndiyo kazi anayoiweza." Kisha akasema lile neno. "Si kosa lake. Mama yake alikufa kabla hajamfundisha kutunza kitu."

Mwanaapolo aliinamisha kichwa. Fundi simu alikuwa ameketi karibu yangu, na nilimwona macho yake yakipita kwenye maandishi, CD moja baada ya nyingine: *spika juu, spika juu, umeme ulikatika, spika juu*. Alisoma yote. Akarudi kwenye simu yake. Ushahidi wangu ulikuwa umening'inia kifuani, nimevikwa na mshtakiwa mwenyewe, na aliyeusoma akanyamaza.

Nilitoka na mkufu ule shingoni, nimemshika mdogo wangu mkono. Tulipofika mbele ya machinjio akaniuliza, "Dada, kweli mama hakukufundisha?"

Mama alikuwa akitumia kibiriti kimoja mwezi mzima. Alikuwa akitufundisha kupepeta mchele bila punje kuanguka. Nilitaka kumwambia hayo yote, nikamvuta tu mkono tuvuke barabara. Swali lile silisamehe mpaka leo, na simdai mtoto aliyeliuliza.

Nilihamia Geita na wadogo zangu. Nikaanza na kompyuta iliyotumika, nikaiweka sakafuni juu ya kipande cha godoro, spika nikaipeleka nje ya mlango. Nilichoma taratibu. Siku hizi watu wengi wanataka nyimbo kwenye flashi, lakini kwaya, wenye magari ya zamani na wazee wenye redio zao bado wananijia. Mkufu niliutundika msumarini juu ya kaunta. Yule mama wa minadani alihamishia biashara yake kwangu mwaka wa kwanza tu, kwa sababu CD zangu hazirudishwi. Nilimpokea. Kila alipokuja nilimkalisha chini ya ule mkufu, akanywa soda yake akiutazama. Hakucheka tena.

Halafu, baada ya miaka, akaja bosi mwenyewe. Amezeeka, ndevu nyeupe.

"Mwangaluka, mdogo wangu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Shikamoo," nikamjibu, maana mama alinifundisha.

Alikuwa na flashi. Sauti ya marehemu mama yake akiimba kanisani, ilirekodiwa kabla hajaugua. Ndugu zake kumi na wawili walitaka kila mmoja CD yake siku ya ibada ya kumkumbuka. Yeye alishajaribu dukani kwake, akamaliza pakiti nzima.

"Zinakwama tu," akasema. "Wewe unafanyaje?"

Nikautungua mkufu, nikamwekea mbele. Alitoa miwani. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya mwisho akairudia ya kwanza.

"Kumbe," akasema. Akavua miwani. "Basi yaishe. Nitakulipa mara mbili."

"Yataishia Nyasubi. Bibi yetu alikuwa akisema, neno lililotupwa mbele za watu huokotwa mbele za watu walewale. Wakusanye wale wote, tuwe sita tena barazani. Useme ni nini kiliharibu CD zile, na useme mama yangu alinifundisha."

"Wale nitawapata wapi? Si unajionea umri wangu?"

"Mama wa minadani yuko sokoni hapa. Fundi simu hajahama pale kwako. Mwanaapolo anakaa mtaa wa pili. Mdogo wangu nitamleta mimi."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Aliondoka bila CD, flashi akaiacha.

Nilichoma zote kumi na mbili jioni ileile, kabla jua halijazama. Haikuharibika hata moja. Nilizisikiliza moja baada ya nyingine hadi mwisho. Mama yake alikuwa na sauti nzuri. Nikazitia kwenye bahasha, nikaitundika kwenye msumari uleule, juu ya mkufu.

Mdogo wangu, sasa mwalimu, alipozikuta alisema, "Dada, mpe tu. Ni mama wa mtu."

"Nitampa," nikamwambia. "Na wetu alikuwa mama wa mtu."

Mwanaapolo hupita kila Jumamosi kuuliza kama siku imepangwa. Anasema atavaa shati jipya. Ibada imeshapita, ndugu wa bosi wameimba bila CD. Bahasha naipangusa vumbi. Mwenyewe hajaja.