Mtihani wa Mama Mikate

Mume wangu ni mwalimu wa fasihi, na mwalimu wa fasihi akiona watu wawili wanagombea kitu kimoja hatulii mpaka awatungie mtihani. Ndiyo maana wanaume wawili walipojitokeza kutaka kumuoa mama yake, mjane anayeishi nasi, aliwaagiza kila mmoja alete shairi. Familia ingesoma, ingelinganisha, ingeamua. Mama mwenyewe hakuulizwa. Nilimwambia mume wangu huo ni upuuzi mtupu, akanijibu kwamba shairi halidanganyi.

Mama mkwe wangu mtaa mzima unamwita Mama Mikate. Amekanda unga maisha yake yote katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya stendi. Anatoka nyumbani sisi tukiwa bado tunakoroma, anarudi nyusi zikiwa nyeupe. Mabega yake ni mapana kuliko ya mwanawe, na maneno yake ni machache. Ukimuudhi hagombi, anakwenda kukanda, na siku hiyo mikate inakuwa laini ajabu.

Mchumba wa kwanza tulimwita Mhasibu, mstaafu aliyefiwa na mkewe, mpole, shati limenyooka kwa pasi. Wa pili ni fundi wa oveni, anayeitwa kiwandani majiko yakigoma. Na majiko yale tangu mwaka jana yalikuwa yanagoma kupita kiasi! Wifi yangu, ambaye ni nesi na anapenda mambo safi, alikuwa hamtaji kwa jina. Alisema tu "yule wa spana".

Jumapili mchana tukakaa sebuleni, sisi wanne na zile karatasi mbili. Mume wangu akakohoa kama yuko mbele ya darasa.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hapa ni kwangu. Tutakayemkataa hatakanyaga hapa. Na wewe ukimfuata, basi, usirudi."

Nilimtazama Mama, naye alikuwa anatazama mikono yake. Kwa umri ule, ukifukuzwa na mwanao unaanzia wapi?

Mume wangu akasoma la Mhasibu kwa sauti ya kutetemeka:

*Ewe ua la thamani, mwanamke mwenye staha,*
*Nakuomba maishani, uniletee furaha,*
*Tuzeeke kwa amani, mbali na kila karaha,*
*Uwe taa ya nyumbani, na roho ipate raha.*

"Haya ndiyo mapenzi," akasema. "Sikieni utulivu wake. Hakuna kiungo hata kimoja cha mwili humu, ni roho inazungumza na roho."

Wifi akafuta machozi. Mimi nilikuwa natafuta huyo mwanamke yuko wapi ndani ya shairi, simuoni. Ua, taa, furaha. Ungeweza kulipeleka kwa mjane yeyote mtaani, na kila mmoja angeshukuru. Lakini mimi ni mkwe tu.

Karatasi ya pili ilikuwa na doa la grisi. Mume wangu aliisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu:

*Unga hadi viwikoni, jasho lashuka shingoni,*
*Nasahau spana gani iliyomo mkononi,*
*Kovu lako la oveni, nilibusu kwa makini,*
*Ile kamba ya aproni, niifungue jioni.*

Nilikuwa sijui kama Mama ana kovu. Nikageuka, na kweli, pale juu ya kifundo cha mkono, alama ya kuungua, ya zamani. Nimekula naye meza moja miaka yote hii na sijawahi kuiona.

"Vina vyote ni *ni, ni, ni*, kama mtoto wa darasa la nne," mume wangu akasema, shingo imemwiva. "Na maana yake? Jasho, shingo, kamba ya aproni! La kwanza linatoa, hili linataka. La kwanza ni mapenzi, hili ni tamaa. Tamaa, Mama! Kwa mwanamke wa umri wako!"

"Aibu gani hii," wifi akadakia. "Watu wakisikia, tutaficha wapi nyuso zetu?"

Nilidhani Mama atanyanyuka aende kukanda, kama kawaida yake. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua zile karatasi, akaziweka mapajani, moja huku na moja huku.

"Umesema kweli, mwanangu," akasema. "Hii ni tamaa. Anayo, na mimi ninayo."

"Mama!"

"Nimekusikiliza, nawe nisikilize." Akainua shairi la Mhasibu. "Baba yenu alinipenda hivi. Hivi hivi, tangu siku ya kwanza mpaka namzika. Aliniita taa. Aliniheshimu mpaka nikawa naona haya kumshika mkono. Nililala pembeni ya mtu mwema, nikawa nalia kimya kimya nisimuamshe. Sitaki kupendwa hivyo tena."

Wifi aliinama. Mimi nilimwonea huruma mume wangu, kwa sababu yeye na baba yake ni mtu mmoja. Hilo nalijua mimi.

"Msimamo wangu ni ule ule," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ukimfuata, hapa usirudi."

"Nimesikia, baba." Mama akanigeukia. "Mkwe wangu, njoo unishikie sanduku."

"Mke wangu, kaa hapo hapo," akasema mume wangu.

Nilisimama. Nilimfuata Mama chumbani kwake. Nilitegemea kukuta nguo za kukunja. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, kabati tupu, na lile sanduku lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba tangu kabla hatujasoma hata mstari mmoja.