Nilivyojitangaza Kuwa Mzee wa Kwenye Hadithi

Shida zilinianza mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi, baba alipofariki. Shule nikaishia darasa la pili. Nilicho nacho nimekichuma mwenyewe, na sioni haya kujisifu.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Oliva alitusomea hadithi aliyoitunga, ukumbi wa kanisa hapa Mbinga umejaa. Mzee wa kwenye hadithi akaanza kusimulia: “Mlima huu wote nimeulima mimi.”

Nikasimama. “Huyo ni mimi! Hajabuni kitu!” Watu wakapiga makofi.

“Babu, subiri,” Oliva akasema. “Sasa anasimulia mkewe.”

Mlima ni uleule, ila sauti imegeuka. Mume hufyeka majani na kuyapanga, kisha huenda kilabuni. Mke ndiye huchimba ngolo za shamba, shimo kwa shimo, akifukia majani yale kwa udongo, mtoto mgongoni.

Binti mdogo vile ameingiaje katika mioyo miwili, na kote akakuta ukweli? Nilisahau hata kukaa.

Mke wangu akanivuta koti. “Kaa chini, baba Kristofa. Watu wote wameshakufahamu.”