Breki za Tela na Choo cha Mama Mkwe

Boti yangu naiweka uani kwangu, Kigombe, juu ya tela. Tela lenyewe nililichomelea mimi. Shule niliiacha mapema, lakini magurudumu yanazunguka. Breki yake ilikuwa jiwe.

Alasiri moja jiwe likateleza. Tela likashuka uani na boti mgongoni, polepole kama bwana harusi, likaenda kuegemea choo cha makuti. Ukuta ukalala chini. Ndani alikuwemo mama mkwe wangu, kaja kututembelea kutoka Muheza.

Wenye wakwe mnanielewa. Mimi na yeye hata njia moja hatupiti. Tukiwa na neno tunalipitisha kwa mke wangu. Leo kasimama mbele yangu, kopo la maji mkononi, na ukuta hakuna. Kanga zake ziko salama, alhamdulillahi, lakini aibu ni aibu. Nikavuta kofia mpaka puani, nikakimbilia banda la kuku.

Nikiwa humo nikamsikia anamwambia binti yake: "Mwambie mumeo, tela lisilo breki likilala tena hapa, nakuchukua twende zetu Muheza."

"Mama anasema..." mke wangu akaanza.

"Nimesikia!"

"Mwambie sikumwambia yeye."

Nilijua hatanii. Kesho yake nikalikokota tela kwa pikapu yangu mpaka Usagara, kwa fundi mmoja mnene.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka breki za tela."

"Za kukanyaga?"

"Wewe umeona tela lina miguu?"

Akacheka, akanifungia breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa mkono wake wa mbele. Mkono ule unabana mafuta, na mafuta yanabana magurudumu. Akaongeza na wenzo wa kulifunga likiegeshwa.

"Sasa mzee, ukitaka kurudi nyuma..."

"Kurudi nyuma nimeanza hujazaliwa."

Akageuka kukusanya spana zake. Fundi naye ana kiburi.

Ijumaa, baada ya swala, nikaipeleka boti majini. Mama mkwe akaja kukagua. Alikaa mbali, kanipa mgongo kwa heshima, shingo tu kaigeuza. Mchanga pale ni tambarare, laini kama unga. Nikaanza kurudi nyuma. Tela likagoma. Nikakanyaga mafuta, pikapu ikanguruma, ikachimba. Tela tuli.

"Mzee, umefunga breki au umefunga nanga?" muuza pweza akaniuliza.

"Boti inaogopa maji hiyo!" mwingine akadakia.

Wanaume wakaja, wakasukuma pikapu kwa mbele huku mmoja akiongoza wimbo. Wimbo ukaisha, tela liko palepale.

Nikashuka, nikalichungulia. Mkono wa mbele umeingia wote ndani. Basi nikaelewa: nalisukuma, nalo linadhani gari linasimama. Linabana. Tela halina macho, litajuaje naelekea baharini? Nikalifungua kwenye gari, tukaligeuza mkono wake ukatazama maji, nikaufunga kamba. "Vuteni!" Likaenda kama mbuzi aliyeona majani, na boti ikaelea.

Wote wananicheka, mimi macho yangu yako kwa mke wangu, maana hukumu inapitia kwake.

"Mwambie mumeo," mama mkwe akasema, "wanaume wote hawa na gari lao, tela halikusogea hata shibiri?"

"Halikusogea, mama," nikajibu mwenyewe, nikitazama miguu yangu.

"Mwambie sikumuuliza yeye. Na mwambie nitakaa mpaka mwisho wa mwezi."

Akakaa. Ukuta wa choo niliusimamisha upya. Na mpaka leo, kila akija, kabla ya kuingia chooni na kopo lake, anasimama kwanza mbele ya tela, analisukuma kwa kiganja. Likigoma, anapita. Mimi niko zangu bandani na kuku, nangoja amalize.