Asiye na Leseni Anawaelekeza Wenye Leseni

Saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa, karavani ya nne leo, nyumba ya kuvutwa na gari, imekwama mshazari kwenye njia ya kambi ya mapumziko ya Emadwaleni, kando ya ziwa. Gurudumu moja liko majanini, jingine limepanda jiwe lililopakwa chokaa. Mume yuko kwenye usukani wa gari linaloivuta, shingo imemwiva. Mkewe yuko nyuma, upande wa ziwa, anapunga mikono yote miwili kama anayefukuza ndege shambani.

"Kushoto, Hennie! Kushoto!"

"Ndiko ninakokwenda!"

"Basi mbona unakuja kwangu?"

Bonisile Mncube hana haraka. Anatua ndoo ya kuoshea vyoo, anajifuta mikono kwa aproni, kisha anaivuta filimbi ya bati inayoning'inia kifuani. Haipulizi. Kwanza anahesabu.

"Watoto wangapi?"

"Watatu, Mama."

"Mbwa?"

"Wawili."

"Naona watoto wawili na mbwa mmoja. Tunangoja."

Mtoto wa tatu anapatikana bombani, amelowa mpaka magotini. Mbwa wa pili anavutwa kutoka chini ya meza ya jirani, soseji ya watu mdomoni. Watoto wanaketishwa kwenye kizingiti cha jiko la kambi, mbwa wanafungwa kwenye mti. Hapo ndipo filimbi inalia. Dakika mbili baadaye karavani imetulia kwenye kiwanja namba tisa, mlango ukitazama maji, kama vile ilizaliwa hapo.

"Huyu mama ameiokoa ndoa yangu mara kumi na moja," anasema Hennie Labuschagne, fundi wa mabomba, ambaye huja kila mwaka na familia yake.

"Kumi na mbili," anamsahihisha mkewe, Dalena. "Ile ya mvua umeisahau kwa makusudi."

MaMncube, kama wengi wanavyomwita hapa chini ya milima ya uKhahlamba, Afrika Kusini, ana miaka arobaini na saba. Ameosha vyoo vya kambi hii kwa miaka kumi na sita. Kazi ya kuelekeza karavani hakufundishwa na mtu. Alikuwa akianika mataulo kambani na kuwasikia wanaume waliokwama wakiitukana milima.

"Nikagundua jambo moja," anasema. "Karavani ni mbishi kama mbuzi. Ukirudi nyuma ukitaka iende kulia, usukani unauzungusha kushoto. Kinyume chake. Wao wanalisahau hilo kila mwaka, mimi silisahau."

Na kuhesabu? Hapo anaichezea filimbi kwanza. Mwaka wa tano wa kazi yake, mbwa mdogo wa kahawia aliyeitwa Biskuti, wa mwalimu mstaafu, aliingia chini ya gurudumu wakati MaMncube akielekeza.

"Nililitazama gurudumu tu. Sikutazama kingine." Kaburi alilichimba mwenyewe karibu na matete, na jiwe alilitafuta mwenyewe. Mwalimu yule bado anakuja, na mbwa mwingine. Akifika tu, kabla ya salamu, anamkabidhi MaMncube kamba ya mbwa huyo.

Mwezi Mei kambi ilinunua trekta kuukuu la kukwamua karavani kwenye tope. Msimamizi, Vusumuzi Zwane, alimtaka MaMncube awe dereva wa trekta hilo. Ni ajira ya kudumu, randi 6,900 kwa mwezi. Sasa analipwa 240 kwa siku, tena siku zenye wageni tu. Julai, theluji ikishuka, hupata siku nane, zikizidi sana tisa. Lakini watu wa bima wanataka leseni, na Zwane amempa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Juni alikwenda kufanya mtihani. Barabarani alifaulu vizuri. Akaambiwa arudi nyuma katikati ya nguzo.

"Nikazungusha usukani kama ninavyojua. Nguzo ikalala. Mtahini akaniuliza, 'Mama, unakwenda wapi?' Nikamwambia, naingiza karavani. Akageuka, akatazama nyuma. 'Karavani gani?'"

Anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kijijini nao hawajamaliza kucheka. Wifi yake Thandazile humpigia kelele akipita dukani: "MaMncube! Karavani umeiacha wapi leo?"

"Nimeiacha kwako, wifi, ilinde!" humjibu. Ila nyumbani, anakiri, hakucheka. Mtihani wa pili ni Jumanne ijayo, na hakuna tarehe nyingine kabla mwezi haujaisha.

Jumamosi asubuhi, Labuschagne anamwita kwenye uwanja wa changarawe zinakoshushwa mashua. Amepanga mapipa ya taka manne kama nguzo. Anampa ufunguo wa gari lake, naye anaketi upande wa abiria.

Pipa la kwanza linakwenda chini. La pili pia.

"Mama, nyuma hakuna kitu!"

"Najua, Baba Hennie. Kichwa kinajua. Mikono ndiyo haijaambiwa."

Dalena, aliyesimama pembeni na mbwa wote wawili, ndiye anayesema: "MaMncube, leo hujahesabu."

Anazima gari. Anatazama vioo vya pembeni, kimoja kimoja. Kisha anageuza shingo, anatazama nyuma polepole.

"Watoto, hakuna," anasema kwa sauti. "Mbwa, hakuna." Anavuta pumzi. "Karavani, hakuna."

Anawasha tena, na gari linarudi katikati ya mapipa bila kugusa hata moja. Anarudia mara sita. Kwenye kizingiti cha jiko watoto watatu wanampigia makofi kila mara.

Jumanne atahesabu vivyo hivyo mbele ya mtahini, kwa sauti. "Akicheka, acheke. Nitamaliza hesabu yangu ndipo niondoke."

Akiipata ajira ile, atakuwa na haki ya wiki moja kambini kila mwaka, bure. Katika miaka kumi na sita hajawahi kulala kando ya ziwa hili. Kiwanja ameshakichagua, namba tisa, akina Labuschagne wakishaondoka. Hema ataazima.

"Wajukuu wanne," anasema, akiinua ndoo yake. "Na mbwa mmoja, mwizi wa mayai. Hao nitawahesabu nikiwa nimeketi."